Rimoti Ilikuwa Mikononi Mwangu

Droni ilianguka Jumamosi moja saa kumi na nusu jioni, bibi harusi akiwa katikati ya kucheka.

Tulikuwa juu ya paa la jengo la ghorofa nane hapa Nairobi. Bosi wangu alikuwa na biashara ndogo ya kupiga picha za harusi, na rimoti alinipa mimi kwa sababu nilikuwa "injinia" wa timu: mwaka wa pili, uhandisi wa umeme. Nikaipaisha droni vizuri tu. Mita kumi, mita kumi na tano. Mara skrini ikaleta ujumbe mwekundu kwamba dira imeingiliwa, na droni ikaanza kupepesuka kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Nikiivuta huku, inaenda kule. Ikagonga tangi la maji, ikaangukia kwenye maegesho ya magari. Bahati nzuri hakuna aliyeumia.

"Ulikuwa unacheza na simu?" bosi akaniuliza.

"Hapana, bosi."

"Basi nani alikuwa ameshika rimoti?"

Hapo sikuwa na jibu. Rimoti ilikuwa mikononi mwangu.

Alinikata pesa mpaka droni ikalipika. Zile pesa ndizo zilikuwa karo ya muhula uliofuata. Nisikudanganye, kulikuwa na sababu nyingine za kuacha chuo, lakini hiyo ndiyo iliyofunga mlango. Nilipomweleza mama, aliniuliza kitu kimoja: "Mwanangu, kama hukukosea, mbona unalipa?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Nikaanza kusoma usiku kwa simu, bando la usiku la bei rahisi, nikitafuta kitu cha kumwonyesha bosi. Nilitaka kujua kama kuna mtu mwingine duniani ambaye chombo kimewahi kumkataa hivyo hewani. Usomaji huo ukanitoa kwenye paa la Nairobi ukanipeleka baharini, kwenye manowari. Kumbe wanajeshi wa maji wamekuwa na shida yangu tangu zamani za babu yangu, na wameilipia kwa pesa na kwa maiti.

Kwanza tuelewane kuhusu adui mwenyewe. Kama ulipanda matatu enzi za simu za kubonyeza, unakumbuka ule mlio wa spika: *tititi-tititi-tiii*, halafu sekunde moja baadaye simu ya mtu inalia. Mlio ule haukuwa wa redio. Simu ya 2G hutuma mawimbi yake kwa mafungu mafupi, mara 217 kila sekunde, na nyaya za spika huyadaka bila kuulizwa. Spika haijui kwamba ujumbe ule si wake. Inaimba tu kile ilicholetewa.

Huo ndio mwingiliano wa sumakuumeme kwa lugha ya mtaani: kifaa kimoja kinaongea, na kingine ambacho hakikuitwa kinaitikia. Kwenye matatu ni kero tu. Kwenye manowari ni jambo la kufa na kupona.

Fikiria manowari ni chombo cha aina gani. Ni kisiwa cha chuma, na juu yake kuna msitu wa antena. Kuna rada ya kutafuta ndege, rada ya kutafuta meli na rada ya kuongoza makombora. Kuna redio za masafa mafupi na marefu, na mitambo ya setilaiti. Tena kuna masikio ya kielektroniki yanayosikiliza kama rada ya adui inawaangalia. Rada kubwa za kijeshi hurusha mipigo ya nguvu inayofika mamilioni ya wati. Katikati ya makelele hayo unataka kuongea na droni iliyo kilomita hamsini huko, inayojibu kwa sauti ndogo kama ya mtoto anayeita mama yake sokoni Gikomba siku ya Jumamosi. Huwezi kuhamisha soko, kwa sababu antena zote zinagombania chuma kilekile.

Wamarekani walijaribu mapema sana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 nyambizi za Kisovieti ziliwatia wasiwasi. Vifaa vya sona vilikuwa vimeanza kuzisikia nyambizi mbali kuliko silaha za meli zilivyoweza kufika. Manowari nyingi zao zilikuwa za enzi za Vita vya Pili, ndogo na zilizochoka, hazina nafasi ya helikopta kamili na rubani wake. Jibu likawa helikopta ndogo isiyo na mtu, iliyotengenezwa na kampuni ya Gyrodyne huko Long Island, New York. Iliitwa QH-50, na mpango wake uliitwa DASH. Ilikuwa na mapanga mawili yaliyopangwa moja juu ya lingine, na haikuwa na mkia wa kuzunguka. Mnamo Desemba 1960 ilitua bila rubani juu ya manowari USS Mitscher ikiwa baharini. Hii ni miaka mitatu kabla ya uhuru wetu, watu wa rika langu wakidhani droni zilikuja na YouTube.

Utaratibu wenyewe ulihitaji watu wawili. Mmoja alisimama sitahani akiipaisha kwa macho yake. Ikishafika mbali, mwenzake aliyekuwa chini kwenye chumba cha operesheni, chumba kisicho na dirisha, aliipokea na kuiongoza kwa kutazama nukta kwenye rada. Ikifika juu ya nyambizi, inaangusha torpido kisha inarudi nyumbani.

Shida ni kwamba droni ile ilikuwa bubu. Ilipokea amri, lakini haikurudisha habari zake kwa yule aliyeiongoza. Mtu wa chini hakuona kama imeinama au inapoteza kimo. Tena, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa kitu cha kutupwa vita vikija, iliwekewa elektroniki za kawaida za viwandani bila akiba. Kipande kimoja kikikosea, hakuna cha pili cha kushika kazi. Zilitengenezwa zaidi ya 700, na zaidi ya nusu zikapotea. Nyingi ya zilizopotea ziliangushwa na hitilafu za elektroniki. Makosa ya waongozaji na injini kuzima vilichukua sehemu ndogo.

Niliposoma hapo niliweka simu chini, nikaangalia dari. Nilimfikiria baharia wa miaka ishirini na kitu kwenye chumba kisicho na dirisha, amri zote amezitoa sawasawa, nukta yake inatoweka kwenye rada. Halafu mkubwa wake anashuka ngazi na kumuuliza: nani alikuwa ameshika rimoti?

Kabla sijaenda mbali, nijikanye mwenyewe. Mtu aliyeumizwa na kitu kisichoonekana hukiona kila mahali. Mtandaoni utakutana na hadithi kwamba moto wa manowari USS Forrestal, tarehe 29 Julai 1967 katika Ghuba ya Tonkin, uliwashwa na mawimbi ya rada yaliyofyatua roketi sitahani. Watu 134 walikufa siku ile. Hadithi hiyo ni tamu kwa mtu kama mimi. Lakini uchunguzi wa jeshi ulisema mambo mengine: stima iliruka ghafla wakati ndege ilipohamishwa kutoka umeme wa nje kwenda umeme wake wa ndani, na hatua za usalama ambazo zingeizuia roketi zilikuwa zimerukwa ili kazi iende haraka. Kwa hiyo si kila kosa ni la mawimbi. Wakati mwingine ni la binadamu mwenye haraka.

Na wakati mwingine yote mawili hukaa meza moja. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, manowari ya Uingereza HMS Sheffield ilipigwa na kombora la Exocet lililorushwa na ndege ya Argentina. Mabaharia 20 wakafa, na siku sita baadaye meli ikazama ikivutwa. Sheffield ilikuwa na masikio ya kielektroniki ya kusikia rada ya ndege ya adui. Lakini dakika zile meli ilikuwa ikituma mawasiliano yake, na matangazo hayo yakayaziba masikio hayo. Jirani yake, HMS Glasgow, aliisikia hatari na akapiga mbiu. Sheffield, ikiwa katikati ya maongezi yake yenyewe, haikusikia.

Kwa miaka mingi hadithi ya mawimbi ndiyo iliyosimuliwa zaidi. Ripoti kamili ya uchunguzi ilipotolewa hadharani mwaka 2017, upande wa pili ukajitokeza: afisa wa ulinzi wa anga hakuwa kwenye kiti chake, msaidizi wake pia alikuwa ametoka, na onyo la jirani halikuchukuliwa kwa uzito. Bodi iliona maafisa wawili walizembea. Hawakuadhibiwa.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi kuliko nyingine zote, kwa sababu inakataa kunipa ushindi rahisi. Kelele ilikuwepo kweli. Uzembe ulikuwepo kweli. Ila niliona pia jinsi lawama inavyojua kuchagua mlango wa kubisha. Kwa maafisa ilichukua miaka 35 kufika kwa umma. Kwangu mimi ilichukua muda wa kushuka ghorofa nane.

Sasa turudi kwa droni. Mnamo Desemba 1983 Marekani ilipoteza ndege mbili ikishambulia Lebanon. Wakubwa wakasema inatosha: wanataka macho angani yasiyo na rubani, na wanayataka haraka. Israeli ilikuwa na droni za namna hiyo tayari, wakanunua. Droni iliitwa Pioneer, yenye mabawa ya kama mita tano na injini ndogo ya nyuma inayonguruma kama nduthi. Mwaka 1986 ikapandishwa kwenye USS Iowa, meli kubwa ya kivita iliyoanza kazi mwaka 1943 na kufufuliwa katika miaka ya 1980 kwa kuongezewa makombora na elektroniki mpya juu ya chuma cha zamani. Kazi ya Pioneer ilikuwa kuangalia mizinga mikubwa ya Iowa inapiga wapi. Iliruka kwa kusukumwa na roketi, na kurudi kwa kujitupa kwenye wavu uliotandazwa nyuma ya meli.

Kwenye jangwa la Israeli droni ile ilikuwa imefanya kazi vizuri. Kwenye meli ikaanza kuanguka. Kuinasa kwenye wavu kulikuwa kugumu, na mitambo mingine ya meli iliingilia mawasiliano yake. Ilinunuliwa kama kitu kilichokamilika, cha kutoa kwenye kasha na kutumia, lakini jeshi la maji likalazimika kumwaga karibu dola milioni 50 ili tu ifikie kiwango cha chini cha kufaa. Mtu yeyote aliyewahi kununua simu ya pili pale Luthuli Avenue anaijua hiyo hesabu. Chombo hukisifu mahali kilipojaribiwa. Mahali utakapokitumia wewe ni habari nyingine.

Je, walitibuje? Nilitarajia kukuta kifaa kimoja cha ajabu. Nilichokuta ni orodha ya kazi ndogondogo za kuchosha ambazo fundi yeyote wa stima wa mtaani angezielewa.

Kwanza ni kukinga. Nyaya zinavishwa soksi ya chuma, na visanduku vya elektroniki vinafungwa kabisa, maana tundu dogo tu linatosha kuingiza kelele. Pili ni kuunganisha chuma kwa chuma na kukipa athi, ili umeme wa bahati mbaya upate njia ya kwenda badala ya kurandaranda. Tatu ni vichujio, vinavyopitisha masafa yanayotakiwa na kuzuia mengine mlangoni. Nne ni kupanga antena tangu meli ikiwa bado kwenye karatasi, anayepiga kelele awekwe mbali na anayesikiliza. Tano ni ratiba ya masafa, kila mtambo na chumba chake. Sita ni zamu: rada ikikaribia kupiga, inawaashiria jirani zake wazibe masikio kwa kipande kidogo sana cha sekunde, kisha wafungue. Rada nyingine huzuiwa kabisa kupiga upande ambao droni inatua.

Halafu kuna kutu. Hii ndiyo ilinimaliza kabisa. Pale ambapo vyuma viwili vimeshikana na katikati kuna kutu, kwa mfano kwenye mnyororo, ngazi au bolti ya zamani, kiungo hicho kinaweza kufanya kazi kama kipande cha elektroniki. Mawimbi mawili halali yakikipitia, kinayachanganya na kuzaa masafa mapya ambayo hakuna mtambo wowote ulioyatuma. Unaweza kuwa na vifaa vya mabilioni vilivyopangwa kwa akili, halafu droni yako ikasumbuliwa na mnyororo wa uzio. Ndiyo maana baharia anayepiga msasa na kupaka rangi sitahani, kazi ambayo kila mtu huiona ya adhabu, yumo kwenye timu ya kurusha droni hata kama hajui.

Matibabu yalilipa. Februari 1991, katika Vita vya Ghuba, wanajeshi wa Iraki kwenye kisiwa cha Faylaka cha Kuwait walikuwa wameshajua kwamba kile kimlio angani hufuatwa na mizinga. Pioneer ya meli USS Wisconsin ilipopita juu yao, walitoka wakapunga vitambaa vyeupe. Walijisalimisha kwa droni. Pioneer ya Wisconsin sasa ni mali ya makumbusho ya Smithsonian.

Na kuna siku ambapo historia hii ilikuja mpaka karibu na kwetu. Aprili 2009 meli ya mizigo Maersk Alabama, iliyokuwa ikija Mombasa na chakula cha msaada, ilivamiwa na maharamia wa Kisomali. Nahodha wake akachukuliwa kwenye mashua ya kuokolea. Mabaharia wake wakaifikisha meli Mombasa bila yeye. Huko baharini, manowari USS Bainbridge ilikuwa inairusha ScanEagle kuitazama mashua ile. ScanEagle ni droni ndogo ambayo ukoo wake ulianza kwa wazo la kuwasaidia wavuvi wa jodari kutafuta samaki. Haihitaji wavu: inarudi na kudaka kamba iliyoning'inia kwa ncha ya bawa lake. Ili idake kamba moja katikati ya bahari, lazima ijue ilipo na isikie inachoambiwa. Kwenye picha zake ile mashua ya rangi ya chungwa ilionekana wazi. Tarehe 12 nahodha akaokolewa, maharamia watatu wakauawa. Wengi wetu tuliijua habari hiyo kupitia sinema. Mimi sasa nikiiona nafikiria waliopaka rangi minyororo.

Nimalize na USS Iowa, meli ileile iliyosumbua Pioneer. Tarehe 19 Aprili 1989 mnara wake mmoja wa mizinga ulilipuka na kuua mabaharia 47. Hakukuwa na droni wala mawimbi kwenye kisa hicho, lakini kilinijibu swali la mama. Uchunguzi wa kwanza wa jeshi ulimlaumu baharia mmoja aliyekufa mlemle, kwamba alilipua makusudi. Familia yake ikakataa. Wanasayansi wa maabara ya Sandia wakachunguza upya, wakaonyesha kwamba mifuko ya baruti ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi inaweza kulipuka yenyewe. Oktoba 1991 mkuu wa jeshi la maji akaiomba familia ile msamaha hadharani. Kilichomsafisha yule baharia ni kwamba kuna watu walikataa kukubali, na wengine wakaenda kupima.

Mimi sikupima. Siku ile juu ya paa kulikuwa na antena tatu za simu, moja hatua chache tu kutoka niliposimama, na chini ya miguu yangu mabati na nondo. Dira ya droni ni kihisi kidogo kinachopima usumaku wa dunia, na chuma na mkondo mkubwa wa stima huichanganya akili. Nilipaswa kukagua kabla ya kuruka. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Bosi alipaswa kuuliza paa lina nini kabla ya kuwauzia maharusi picha za angani. Hilo ni lake. Lakini bili ilikuja kwangu yote, kwa sababu mimi ndiye niliyeonekana nimeshika kitu.

Mama, nililipa kwa sababu sikuwa na ushahidi. Ule ujumbe mwekundu ulikaa kwenye skrini sekunde chache, na sikuutunza.

Mwezi uliopita kijana aliyechukua nafasi yangu alinitumia ujumbe saa tano usiku. Walikuwa wametoka harusini, paa lingine, na droni ilikuwa imetaka kukimbia. Aliishusha kwa bahati. "Bro, hii kitu iko na mapepo?" akaniuliza.

Nikamwambia haina. Asogee mbali na antena, atafute mahali pasipo chuma, asawazishe dira, aache simu za wageni mbali na rimoti. Na kabla ya kuruka awashe kurekodi skrini, kila mara, hata kama bosi anamharakisha.

"Kurekodi kunasaidia droni aje?" akauliza.

Haisaidii droni, nikamjibu. Inakusaidia wewe.